Shajara ya mradi: kuhesabu wizi usioripotiwa chuoni

Mradi ni wa tasnifu ya mwaka wa mwisho, shahada ya kwanza ya kriminolojia. Muda wake ni wiki 24. Kazi yenyewe ni dodoso la waathirika: kuwauliza wanafunzi wamepata hasara gani kwa wizi na habari hizo walizifikisha wapi. Hesabu zote za mfano humu zinatumia chuo cha kubuni chenye wanafunzi 2,000, ili msomaji aweke namba zake mwenyewe.

Wiki ya 1: mada

"Uhalifu chuoni" imeachwa siku ya kwanza, kwa sababu ni pana mno. Mada ya shahada ya kwanza ipite maswali matatu kwanza: data iko wapi, nani anatoa kibali, na kazi itaisha kabla ya tarehe ya kukabidhi? Kuhoji wafungwa hukwama kwenye swali la pili. Kibali cha magereza na cha kamati ya maadili vinaweza kula muhula mzima kabla hujamwona mtu hata mmoja. Majalada ya polisi nayo ni vivyo hivyo. Kinachobaki mkononi mwa mwanafunzi ni data iliyokwisha kuchapishwa, au kuwauliza watu yaliyowapata.

Neno moja kwa wanaoanza: kriminolojia siyo kuchukua alama za vidole wala kupima damu. Hiyo ni kazi ya maabara ya uchunguzi wa jinai, nayo ina shahada yake. Huku tunauliza kwa nini sheria huvunjwa, nani anaamua kipi kiitwe kosa, na jamii hufanya nini baada ya hapo. Anayekuja bila kujiandaa kwa takwimu hushtuka mwaka wa pili.

Swali lililobaki: katika wizi wote wa mali za wanafunzi tangu mwaka wa masomo ulipoanza, ni sehemu gani ilifikishwa kwa mamlaka yoyote, na tukio lililoripotiwa linatofautiana vipi na lisiloripotiwa?

Wiki ya 2: maana ya maneno

Wiki hii yote imekwenda kwenye neno moja, "nimeibiwa", na haikupotea.

Mtu aliyekwapuliwa simu barabarani husema ameibiwa. Aliyeporwa kwa kisu husema ameibiwa. Aliyevunjiwa chumba, aliyechomolewa pochi kwenye foleni, hata aliyetapeliwa kwa ujumbe wa simu, wote husema hivyo hivyo. Kisheria haya hayafanani. Wizi wa kawaida ni kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake kwa nia ya kutomrudishia. Panapoingia nguvu au tishio, ni unyang'anyi. Kuingia ndani ya jengo bila ruhusa ili kuiba ni kosa jingine tena. Dodoso likiuliza tu "Je, umewahi kuibiwa?", makosa hayo yote yatarundikwa kwenye safu moja na hakuna hesabu itakayoyatenganisha baadaye.

Dawa ni kuuliza kitendo, siyo jina la kosa. Badala ya "Je, uliporwa?" tumeandika: "Je, kuna mtu aliyechukua, au aliyejaribu kuchukua, kitu chako kwa kukupiga, kukusukuma au kukutisha?" Kuliainisha tukio ni kazi ya mtafiti, afanye akiwa mezani kwake.

Shida nyingine ni "nimepoteza simu". Wengine husema wamepoteza wakati wana hakika imechukuliwa, kwa kuwa kusema "imeibwa" ni kama kumtuhumu mwenzako wa chumbani. Swali limeongezwa: "Je, kuna kitu chako kilichotoweka ambacho unadhani kilichukuliwa, hata kama huna hakika?" Majibu yake yatahesabiwa peke yake na hayatachanganywa na wizi ulio wazi.

Wiki ya 3: nadharia

Kosa la kawaida la tasnifu za ngazi hii ni kupanga nadharia sita kwenye sura ya pili kisha kutoigusa hata moja kwenye sura ya nne. Tumechagua moja.

Nadharia ya vifungo vya kijamii ya Travis Hirschi ya mwaka 1969 imeachwa, japo inapendwa. Inaeleza kwa nini watu wengi hawavunji sheria, hivyo inahitaji data juu ya mtenda kosa, na dodoso la waathirika halina habari zake. Iliyobaki ni ile ya Lawrence Cohen na Marcus Felson ya mwaka 1979, ya shughuli za kila siku. Wao walitaka kueleza kwa nini uhalifu uliongezeka Marekani baada ya vita vya pili vya dunia wakati hali ya maisha ilikuwa ikipanda. Jibu lao: tukio hutokea pale vitu vitatu vinapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja, yaani mtu mwenye nia, shabaha inayofaa, na kutokuwepo kwa mlinzi anayeweza kuzuia. Nyumba zilibaki tupu mchana watu wakiwa kazini, na vyombo vya umeme vilizidi kuwa vyepesi kubeba.

Uzuri wake ni kwamba kila kipande hugeuka swali la dodoso. Shabaha: thamani, uzito, kuonekana, kufikika. Ulinzi: wangapi wana ufunguo wa chumba, chumba hukaa tupu saa ngapi kwa siku, kitasa kinafunga au la. "Mlinzi" hapa siyo lazima askari. Mwenzako anayesoma kitandani ni mlinzi tosha.

Ina hatari yake, na itarudi wiki ya 19.

Wiki ya 4: umbo la dodoso

Dodoso lina sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali ya kuchuja, ya ndiyo au hapana, moja kwa kila aina ya tukio. Ya pili ni fomu ya tukio, inayojazwa mara moja kwa kila tukio lililotajwa: lini, wapi, nini kilichukuliwa, kilikuwa na thamani gani, nani aliambiwa.

Mpangilio una kanuni: maliza maswali yote ya kuchuja kabla ya kufungua fomu yoyote ya tukio. Ukimpa mtu fomu mara tu anapojibu "ndiyo" ya kwanza, ataelewa kwamba kila "ndiyo" inamletea maswali mengine 20, na kuanzia hapo atajibu "hapana". Kwenye karatasi kosa hili halionekani. Huonekana kwenye matokeo, pale aina za mwisho kwenye orodha zinapokuwa na matukio machache kuliko inavyoaminika.

Kipindi cha kukumbuka kimebishaniwa siku mbili. Dodoso la taifa la waathirika la Marekani, lililoanza mwaka 1973, huuliza juu ya miezi 6 iliyopita. La Uingereza na Wales, ambalo utafiti wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1982, huuliza juu ya miezi 12. Kipindi kirefu hukupa matukio mengi zaidi, lakini watu husahau madogo, na makubwa huyavuta karibu: simu iliyoibwa miezi 14 iliyopita husimuliwa kana kwamba ni ya juzi. Wamarekani hupambana na hilo kwa kurudi kaya zile zile kila baada ya miezi 6, na mahojiano ya kwanza huwa mpaka ambao matukio ya nyuma yake hayavuki. Mwanafunzi hana uwezo huo. Tumetumia alama ambayo kila mtu anaikumbuka: "tangu siku uliyojisajili mwaka huu wa masomo".

Wiki ya 5 na 6: maadili

Swali "Je, wewe umewahi kuchukua kitu cha mwenzako?" limeondolewa. Lingekuwa na faida kielimu, lakini jibu la "ndiyo" ni ungamo la kosa, na mwanafunzi hana kinga ya kisheria ya kulificha. Mwaka 1993 Rik Scarce, mwanafunzi wa uzamivu wa sosholojia nchini Marekani, alikaa jela siku 159 kwa kukataa kulieleza baraza la uchunguzi la mahakama aliyoambiwa na watu aliowahoji. Kwa hiyo usikusanye siri ambayo huwezi kuilinda.

Sentensi ya ridhaa imebadilishwa pia. Mwanzo ilisema "Majibu yako ni siri kabisa." Sasa: "Jina lako halitaandikwa popote kwenye majibu. Ukitueleza kwamba kuna mtu yuko hatarini sasa hivi, tutalazimika kumwambia anayeweza kusaidia."

Kutoandika jina peke yake hakutoshi. Jina la bweni, mwaka wa masomo, kozi na jinsia vikikaa mstari mmoja vinaweza kumtaja mtu mmoja tu. Namba ya chumba imefutwa, kozi imefutwa, mabweni yatarekodiwa kwa makundi. Fomu ya mtandaoni imezimwa isirekodi anwani ya intaneti ya kifaa. Angalia mpangilio huo mwenyewe, kwani programu nyingi huanza zikiwa zimeuwasha.

Wiki ya 7: sampuli

Hapa ndipo mpango wa kwanza ulipovunjika.

Kanuni iliyozoeleka ya kupata ukubwa wa sampuli, kwa uhakika wa asilimia 95 na kukosea kusikozidi asilimia 5, ni hii: 1.96 kipeo cha pili, mara 0.25, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Unapata 384.16. Kwa chuo cha watu 2,000 unarekebisha: 384.16 gawanya kwa (1 + 383.16/2,000), jibu 322.4, yaani watu 323. Karibu kila pendekezo la utafiti linaishia hapo.

Lakini swali letu kuu ni la walioibiwa tu, siyo la wote. Tukikadiria kwamba mmoja kati ya watano ameibiwa, watu 323 wanakupa waathirika wapatao 65, na kwa watu 65 kiasi cha kukosea ni takriban asilimia 12 kila upande. Ukisema asilimia 30 waliripoti, ukweli unaweza kuwa 18 au 42, na tofauti hiyo inameza hoja yote.

Hesabu imeanzia upya kwa waathirika. Ili kukosea kusizidi asilimia 10 wanahitajika 97. Kwa kadirio lile lile, 97 mara 5 ni madodoso 485 yaliyokamilika. Tukitarajia watu 6 kati ya 10 wajibu, waalikwe 809. Kama wanafunzi 1,200 wanakaa bwenini na 800 nje, mialiko ni 485 na 324, kwa kuchagua majina kwa bahati nasibu ndani ya kila kundi.

Kusambaza kiungo kwenye makundi ya simu ya madarasa kumekataliwa, ingawa kungeleta majibu 500 kwa siku mbili. Aliyeibiwa juzi atajaza haraka na kwa uchungu. Ambaye hajaguswa atapita tu. Utapata chuo ambacho kila mtu ameibiwa, na utaamini umegundua jambo.

Wiki ya 8: majaribio

Watu 12, kila mmoja akijaza huku akisema kwa sauti anachofikiri. Namba ni ndogo makusudi; lengo ni kuona swali linapoeleweka vibaya.

Lililoanguka ni "Je, uliripoti?" Mmoja alijibu ndiyo kwa maana ya kumwambia mwenzake wa chumba, mwingine kwa maana ya kuandika kwenye kundi la bweni. Kwa mwingine kuripoti kulikuwa kumpigia mama simu. Swali hilo moja sasa ni manne: ulimwambia yeyote, ulimwambia msimamizi wa bweni au askari wa chuo, ulikwenda polisi, ulipewa maandishi yoyote ya kuthibitisha kwamba umesikilizwa? Swali la mwisho ni muhimu sana. Kuna watu waliokwenda, wakaeleza, na hakuna kalamu iliyoandika. Kwao waliripoti, ila kwenye kitabu hawamo, na kuwahesabu kama "hawakuripoti" ni kuwadhulumu mara ya pili.

Kwenye sababu za kutoripoti, "lilikuwa jambo dogo" lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na lilichaguliwa kuliko yote. Orodha ilipogeuzwa, kura zilihama. Fomu ya mtandaoni sasa inachanganya mpangilio kila mara, na ya karatasi imechapwa kwa matoleo mawili.

Wiki ya 9 hadi 12: ukusanyaji

Kikumbusho cha kwanza siku ya 4, cha pili siku ya 9, kisha basi. Wiki ya mitihani imerukwa. Kila asiyejibu anaandikwa kama alikataa, hakupatikana, au alikwisha hama. Bila hiyo huwezi kutoa asilimia ya waliojibu. Madodoso ya karatasi yanaingizwa mara mbili na watu wawili tofauti, na mafaili yanalinganishwa mstari kwa mstari.

Wiki ya 13: kusafisha data

Programu ya laha imegeuza jibu "3-5" la saa ambazo chumba hukaa tupu kuwa tarehe 3 Mei. Safu hizo zifanywe maandishi kabla ya kuingiza chochote. Pia 99 ilikuwa alama ya "hakujibu", na wastani wa umri ukapanda bila sababu. Alama ya kukosekana iwe tupu au iwe namba isiyowezekana, kama -9, nayo itangazwe kwenye programu ya takwimu.

Kisha kuna hesabu mbili ambazo wengi huzichanganya. Chukua wanafunzi 10. Mmoja ameibiwa mara 4, mwingine mara 1. Walioibiwa ni asilimia 20. Matukio ni 50 kwa kila watu 100. Zote mbili ni kweli na kila moja inasema jambo lake. Ya kwanza inaeleza hasara imeenea kiasi gani, ya pili inaonyesha ilivyowarudia walewale. Ukitoa moja tu, iite kwa jina lake kamili kwenye kichwa cha jedwali.

Wiki ya 14: kuainisha maelezo

Waainishaji wawili, kila mmoja peke yake, wanapanga maelezo ya matukio. Asilimia ya kukubaliana hudanganya. Tuseme maelezo ni 50, kila mwainishaji ameweka 40 kwenye "wizi wa kawaida" na 10 kwenye "kuvunja", na wamekubaliana kwenye 42. Hiyo ni asilimia 84, inapendeza. Lakini kwa bahati tu wangekubaliana kwenye 0.8 × 0.8 + 0.2 × 0.2, yaani 0.68. Kapa ya Cohen (Jacob, siyo Lawrence wa wiki ya 3), kipimo cha kukubaliana kinachoondoa bahati, ni (0.84 − 0.68) gawanya kwa (1 − 0.68), jibu 0.50. Haitoshi.

Kilichotugawa ni mlango uliokuwa wazi. Mwizi akiingia chumba kisichofungwa, je, amevunja? Kanuni iliyoandikwa: kuingia bila ruhusa kunatosha, hata kama hakuna kilichovunjika. Maelezo yote yamepangwa upya baada ya kanuni hiyo, siyo yale yaliyobishaniwa peke yake.

Wiki ya 15 na 16: kulinganisha na kitabu cha ulinzi

Hesabu za ofisi ya ulinzi wa chuo tumepewa kwa jumla, bila majina. Haziwezi kutolewa moja kwa moja kutoka kwenye zetu. Kitabu huandika siku taarifa ilipoletwa, dodoso huuliza siku ya tukio. Kitabu kinajumuisha wageni na mali ya chuo, sisi wanafunzi tu. Hata takwimu za taifa zina kanuni za namna hii: kwa miongo mingi muhtasari wa polisi wa Marekani ulihesabu kosa zito zaidi tu pale makosa kadhaa yalipotokea pamoja, na mengine hayakuonekana. Adolphe Quetelet, Mbelgiji, katika miaka ya 1830 alidhani uwiano wa uhalifu unaojulikana na usiojulikana haubadiliki sana. Madodoso ya waathirika ndiyo yaliyowezesha kuipima dhana hiyo.

Wiki ya 17 na 18: uchambuzi

Visanduku vyenye matarajio chini ya 5 kwenye jedwali la kai-mraba, kipimo cha kama mambo mawili yanahusiana, vimeunganishwa pale maana iliporuhusu. Isiporuhusu, kipimo cha Fisher, kinachofaa namba ndogo, kimetumika. Kwa regresheni ya lojistiki, inayopima vigezo gani vinaendana na jibu la ndiyo au hapana (hapa, kuripoti), tunashika kanuni ya matukio 10 kwa kila kigezo: kati ya waathirika 97, kama walioripoti ni 30, vigezo havizidi vitatu. Kuingiza tisa kwa kuwa programu imekubali ni kujidanganya. Na kama bweni lenye wageni wengi ndilo lenye wizi mwingi, hilo halisemi kwamba wageni ndio wezi. W. S. Robinson alionya juu ya kosa hilo, la kumhukumu mtu mmoja mmoja kwa takwimu za kundi, mwaka 1950, na bado linaingia kwenye tasnifu kila mwaka.

Wiki ya 19 hadi 22: kuandika

Hatari ya wiki ya 3 imefika. Rasimu ilikuwa na sentensi hii: "Wanafunzi walioacha kompyuta mezani walijiweka katika hatari ya kuibiwa." Nadharia ya shughuli za kila siku huteleza hivyo kirahisi, kutoka kueleza mazingira hadi kumlaumu aliyeumizwa. Aliyeiba ametoweka kwenye sentensi. Imeandikwa upya: "Kompyuta ziliibwa zaidi katika vyumba vilivyokaa tupu kwa saa nyingi, hasa vile ambavyo vitasa vyake havikufunga." Kitasa kibovu ni jambo ambalo chuo kinaweza kulitengeneza. Sura nzima ya nne imepitiwa kwa jicho hilo, na vitenzi vilivyomfanya mwathirika kuwa mtendaji vimebadilishwa.

"Inathibitisha" imefutwa kila mahali. Dodoso la mara moja huonyesha uhusiano, na kipi kilitangulia haliwezi kusema.

Wiki ya 23

Majedwali yamepunguzwa kutoka 19 hadi 8.

Wiki ya 24: kufunga

Tasnifu imekabidhiwa. Ukurasa mmoja wa matokeo, kwa lugha nyepesi, umetumwa kwa wote walioalikwa, hata ambao hawakujibu. Nakala nyingine imepelekwa kwa wasimamizi wa mabweni, ikianza na vitasa.

Faili la namba za simu za walioalikwa lilikaa mbali na majibu tangu mwanzo, kwenye diski yenye nywila. Karatasi ya ridhaa iliahidi litafutwa ndani ya siku 30 baada ya kazi kukabidhiwa. Limefutwa leo, pamoja na nakala yake ya akiba, na msimamizi wa tasnifu ametia sahihi kwamba ameona.